Masikio yanayovuma: Kabla hujatia sahihi kuingia katika jaribio la tiba

Kuna mlio ambao mwenyewe tu ndiye anayeusikia. Wagonjwa wangu huueleza kila mmoja kwa namna yake: huyu husema ni kama nyenje wa usiku, yule birika linalokaribia kuchemka, mwingine jenereta ya jirani ambayo haizimwi. Mchana, kelele za matatu na za kazini huufunika. Usiku, nyumba ikishatulia, ndipo unapojitokeza na kumkosesha mtu usingizi. Sisi madaktari huuita tinitasi. Katika makala haya nitauita mvumo wa masikio, kwa kuwa ndivyo wengi wanavyoueleza wanapoingia chumbani mwangu.

Wasomaji waliougua malaria miaka ile kwinini ilipokuwa ikitolewa karibu kila zahanati wanaujua mlio huo hata kama hawajui jina lake. Ulimeza vidonge na kabla ya siku kwisha masikio yalikuwa yakilia kengele. Kwa wengi ulipotea dawa ilipoisha mwilini. Kwa watu ninaowaandikia leo haukupotea.

Nao si wachache. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2022, ulikadiria kwamba zaidi ya watu wazima milioni 740 duniani wana mvumo wa namna fulani, na kwamba zaidi ya milioni 120 kati yao unawasumbua vikali. Hata hivyo mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha kidonge hata kimoja mahsusi kwa ugonjwa huu. Ndiyo sababu majaribio ya tiba hayaishi, na ndiyo sababu pia kila mara napata mgonjwa anayeniuliza: "Daktari, nimesikia kuna utafiti wa masikio. Niingie?"

Jibu langu si ndiyo wala siyo. Nataka kwanza ujue unaingia wapi.

MLIO UNATOKA WAPI

Watu wengi hudhani mlio uko ndani ya sikio. Pengine ulianzia hapo, lakini kwa kawaida hautoki hapo tena. Ndani kabisa mwa sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, chenye chembe ndogo zenye vinyweleo ambazo hugeuza sauti kuwa ishara za neva. Chembe hizi zikiharibiwa na uzee, na kelele za muda mrefu, au na baadhi ya dawa kama sindano za jentamaisini, hazioti tena. Ubongo uliozoea kupokea ishara kutoka sehemu hiyo sasa haupokei kitu. Badala ya kukubali kimya, hujiongezea nguvu, kama mtu anayepandisha sauti ya redio ambayo stesheni yake imepotea. Unachosikia ni ile chwaaa ya redio isiyo na stesheni.

Fundi wa jua kali anayegonga mabati Kamukunji kutwa nzima, kondakta anayesimama kando ya spika tangu alfajiri, na kijana anayelala na muziki masikioni, wote wako katika hatari moja. Kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini hutumia ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila sauti inapopanda juu ya hapo muda salama hupungua haraka.

Kabla sijaendelea, kuna watu wasiopaswa kusubiri jaribio lolote. Ikiwa mvumo uko sikio moja tu, au unadunda sawasawa na mapigo ya moyo wako, au ulianza pamoja na kizunguzungu kikali, nenda hospitali ukaonwe na daktari wa masikio. Ikiwa sikio limeziba ghafla na husikii, nenda leo, si wiki ijayo, kwa maana hapo siku chache za kuchelewa zinaweza kukugharimu usikivu wako. Na wengine wana nta tu. Nimewahi kumsafisha mtu nta na mvumo ukaisha pale pale kitini. (Tafadhali usijisafishe kwa kijiti cha pamba. Kinasukuma nta ndani.)

KWA NINI KUNDI LA PILI LIPEWE KIDONGE TUPU

Swali linalowakera wagonjwa wengi ni hili: kwa nini nusu ya washiriki wapewe kitu kisicho na dawa? Mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya upili, mkazi wa Eastlands ambaye masikio yake yamevuma kwa miaka 11, aliniuliza waziwazi: "Yaani nisafiri, nipange foleni, halafu nipewe unga wa muhogo?"

Nilimjibu kwa kisa cha majani ya mti uitwao ginkgo. Dondoo la majani hayo huuzwa duniani kote kama dawa ya masikio, na hapa Nairobi utalipata katika maduka ya virutubisho kwa bei isiyo ya mchezo. Watumiaji wengi huapa kwamba linafaa. Basi watafiti wa Uingereza wakaandikisha watu 1,121 wenye mvumo. Wengine walipewa ginkgo na wengine kidonge kinachofanana nacho lakini hakina kitu, kwa wiki 12, bila mshiriki kujua alichonacho. Mambo mengi yalifanywa kwa posta na simu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Katika watu 360 waliotumia ginkgo, 34 walisema mvumo umepungua kuwasumbua. Katika watu 360 waliotumia kidonge tupu, waliosema hivyo walikuwa 35.

Hebu fikiri msomaji. Lau lile kundi la pili lisingekuwepo, watu 34 wangesimama na kutoa ushuhuda kwamba ginkgo imewasaidia, na kila mmoja angekuwa anasema kweli kama anavyoijua. Mvumo hupanda na kushuka wenyewe. Mtu humwendea daktari siku ambazo umezidi, kwa hiyo siku zinazofuata zina nafasi kubwa ya kuwa afadhali, dawa iwepo isiwepo. Juu ya hayo, kusikilizwa na mtu aliyevaa koti jeupe ni nafuu ya aina yake.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi kumeza, hata kwetu madaktari. Kuna tiba iitwayo mazoezi ya kuuzoesha ubongo mvumo, ambayo huunganisha ushauri maalumu na vifaa vidogo vya masikioni vinavyotoa sauti laini. Ilisifiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyiwa watu 151 katika hospitali za kijeshi za Marekani. Kundi la kwanza lilipata tiba kamili, la pili likapata ushauri ule ule lakini kwa vifaa visivyofanya kazi ya tiba, na la tatu likapata huduma nzuri ya kawaida. Baada ya miezi 18 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Mimi nalisoma jaribio hili kama habari njema: huduma nzuri ya kawaida, ambayo haihitaji mitambo ya bei, inamfaa mgonjwa. Mwenye kuuza vifaa huenda asilisome hivyo.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta funzo hili. Wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka mwaka 1990, dawa ya Kemron ilipotangazwa kwa shangwe kuwa imewapa nafuu wagonjwa wa Ukimwi. Watu walikuja kutoka nchi za mbali kuitafuta. Baadaye majaribio yaliyokuwa na kundi la kulinganisha, likiwemo moja kubwa lililofanyiwa Uganda, hayakuona faida yake. Matangazo yalitangulia ulinganisho, na kwa muda huo wagonjwa waliiwekea dawa hiyo pesa na matumaini.

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye pia hakuwahi kusahihisha mtihani akijua jina la mtoto. Alikuwa amekwisha elewa.

UTAKAYOKUTANA NAYO

Ukijitokeza, hutapewa dawa siku ile. Kwanza utachujwa. Watapima usikivu wako katika chumba kisichopenya kelele, wakuulize mvumo ulianza lini, unatumia dawa gani, kama una kifafa, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au mimba. Masharti haya huwachukiza watu, lakini kila moja lina sababu. Jaribio la kusisimua ubongo kwa sumaku, kwa mfano, haliwezi kumpokea mwenye kifafa kwa sababu msisimko huo unaweza kumletea degedege.

Muda wa ugonjwa nao ni sharti linalowaangusha wengi. Kumekuwa na majaribio ya sindano ipenyayo kwenye ngoma ya sikio na kuacha dawa ndani. Mengi yaliwataka watu ambao mvumo wao ulikuwa na miezi michache tu, kwa wazo kwamba mlio mchanga huzimika kwa urahisi kuliko uliokomaa. Binti ya yule mwalimu, anayeishi Uingereza, alikuwa amemwahidi babake kumtafutia nafasi katika utafiti wa namna hiyo wakati wa likizo. Ilinibidi nimwambie ukweli: miaka yake 11 ingemtoa mlangoni, na hata bila hiyo, jaribio humtaka mtu awepo kwa ziara zote, pengine kwa miezi sita au mwaka. Mgeni wa wiki tatu hafai. Isitoshe, sindano zenyewe hazikufua dafu. Moja ilishindwa katika jaribio kubwa mwaka 2016, na nyingine ikaachwa mwaka 2022 baada ya kutoishinda sindano tupu.

Ukipita mchujo, utapangiwa kundi kwa kura ifanywayo na kompyuta. Si wewe wala daktari anayechagua, na katika majaribio bora daktari anayekupima hajui uko kundi gani. Usimwombe muuguzi akuibie siri. Siku utakapojua, majibu yako yatabadilika hata usipotaka.

Majibu yako ndiyo mzani wote. Presha ina mashine, sukari ina mashine, mvumo hauna. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoweza kumwonyesha mtafiti jinsi mlio ulivyokusumbua wiki hii. Ana karatasi ya maswali tu. Moja inayotumika sana, iliyotoka mwaka 1996, ina maswali 25 na alama kuanzia sufuri hadi 100. Inauliza kama mvumo unakukosesha usingizi, kama unakufanya mkali kwa jamaa zako, kama unahisi huwezi kuuepuka.

Hapa nina neno na wasomaji wangu. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo". Mgonjwa ana homa, anatetemeka mbele yangu, nikimwuliza "hujambo?" anajibu "sijambo, daktari", kisha ndipo anaanza kueleza yanayomsumbua. Ni adabu njema nami naipenda. Lakini katika jaribio la tiba adabu hiyo huharibu kazi. Mtafiti akikuuliza unaendeleaje baada ya wiki sita, usimpe jibu la kumfurahisha kwa kuwa amekupa chai na nauli. Kama mvumo uko pale pale, andika uko pale pale. Kama umezidi, andika umezidi, kwa sababu huenda dawa hiyo inawazidishia na wengine.

Jambo jingine ambalo fomu hazilisemi kwa uwazi: kujaza daftari la mvumo kila siku kunakulazimisha uusikilize. Wapo wagonjwa walionieleza kuwa walikuwa wamekwisha uzoea, hadi walipoanza kuandika juu yake. Ikiwa wewe ni wa namna hiyo, ambaye umeshapatana na mlio wako, fikiri mara mbili kabla ya kuuamsha.

FOMU YA IDHINI

Tangu mwaka 1964 madaktari wa dunia wana mwongozo uitwao Azimio la Helsinki, uliorekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2024. Kiini chake ni kwamba maslahi ya mshiriki yako juu ya maslahi ya sayansi, na kwamba hakuna anayeingizwa bila kuelezwa na kukubali kwa hiari yake. Katika marekebisho ya 2024 hata lugha ilibadilishwa: watu wanaojaribiwa sasa huitwa washiriki. Wengine wataona ni mambo ya maneno tu. Mimi naona lina uzito, maana mshiriki ni mtu anayeweza kuuliza.

Basi uliza. Omba fomu uende nayo nyumbani, uisome na mke au mume wako, au mtoto aliyesoma. Kama Kiingereza chake kimekupita, dai ya Kiswahili au ya lugha unayoielewa. Asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti, ndipo aweke kidole. Ndani ya fomu tafuta mambo haya: madhara yanayojulikana, ni nani atakayelipia matibabu ukidhurika, ziara ni ngapi, nauli inarudishwa au la, na nambari ya simu ya kamati ya maadili, ambayo si ya watafiti wenyewe. Ukurasa wa bima ndio watu huuruka, nao ndio ningeanzia.

Hapa Kenya jaribio la dawa mpya linahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa, kama ile ya pamoja ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi, au ya taasisi ya KEMRI. Linahitaji idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Pia linahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, maarufu kama NACOSTI. Mtafiti halali anazo karatasi hizi na hatakasirika ukimwomba azionyeshe. Majaribio pia huorodheshwa kwenye intaneti, ambako unaweza kuyatafuta kwa nambari: Marekani ina orodha ya ClinicalTrials.gov tangu mwaka 2000, na Afrika ina orodha yake ya bara zima.

Na una haki ya kutoka. Siku yoyote, bila kueleza sababu, na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida katika hospitali hiyo hiyo. Hili si la kubembeleza. Lakini usijiunge ukiwa tayari umepanga kutoroka. Katika jaribio kubwa lililofanyiwa Maastricht, Uholanzi, lenye watu 492, karibu thuluthi moja hawakupatikana tena ilipotimia miezi 12. Watafiti wakibaki na waliosalia tu, hawajui kama waliotoweka walipona wakaenda zao au walikata tamaa. Ukitaka kutoka, toka kwa kusema. Simu moja inatosha.

Jaribio hilo la Maastricht, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, lilionyesha kwamba huduma ya hatua kwa hatua iliyojengwa juu ya tiba ya mazungumzo, ile inayomfunza mgonjwa kubadili fikra na mazoea yake kuhusu mlio, iliwafaa wagonjwa kuliko huduma ya kawaida. Tiba ya mazungumzo imejaribiwa mara nyingi. Mkusanyo wa mwaka 2020 ulihesabu majaribio 28 yenye watu 2,733, na kwa jumla yalionyesha inapunguza adha ya mvumo. Mlio wenyewe haunyamazi. Kinachopungua ni hofu, hasira na kukesha. Nikiulizwa jaribio gani ningemhimiza jamaa yangu aingie, ningechagua la aina hii mbele ya lile la sindano, ijapokuwa najua sindano ndiyo inayojaza watu kwenye foleni.

MASHINE MPYA NA JINSI YA KUZISOMA

Wengi mmesikia habari za mashine za umeme. Kuna moja inayotoa sauti masikioni huku ikichezesha umeme mdogo juu ya ulimi. Ilijaribiwa kwa watu 326 nchini Ireland na Ujerumani, matokeo yakatoka mwaka 2020, na mamlaka ya Marekani ikaikubali Machi 2023. Washiriki wengi walisema wamepata nafuu. Lakini angalia kitu kimoja: katika jaribio hilo la 2020 makundi yote matatu yalipewa mashine, yakitofautiana tu kwa namna ilivyopangwa. Hakukuwa na kundi la mashine tupu. Baada ya ginkgo, unajua kwa nini nauliza.

Nyingine ni ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliyoripotiwa mwaka 2023. Hii huunganisha sauti na umeme mdogo kwenye shingo au shavu. Waliosajiliwa walikuwa 99, wote wakiwa wale ambao mvumo wao hubadilika wakisogeza taya au shingo. Kila mmoja alitumia tiba kamili kwa wiki sita, na sauti pekee kwa wiki sita nyingine, huku kukiwa na mapumziko katikati, bila kujua ipi ni ipi. Tiba kamili ilifanya vizuri zaidi. Mpango huu naupenda kwa sababu mbili: kila mshiriki anajilinganisha na nafsi yake, na hakuna anayekosa tiba kabisa. Ila watu 99 ni wachache, na kama mvumo wako haubadiliki unapouma meno au kugeuza shingo, hawakukuzungumzia wewe. Jaribu sasa hivi, ukiwa mahali pa kimya.

WANAOUZA NAFASI

Neno "utafiti" limekuwa biashara jijini. Mwaka mmoja baada ya mazungumzo yetu, mwalimu alinijia na ujumbe wa simu. Alikuwa ameitwa katika jumba moja la katikati ya mji kujiunga na "utafiti wa sindano ya neva za sikio", ada ya usajili Sh15,000, nafasi ni chache, alipe kabla ya Ijumaa. Alikuwa tayari amemwambia kijana wake amtumie pesa. Nilimshauri awapigie simu aombe mambo matatu tu: nambari ya idhini ya kamati ya maadili, nakala ya fomu ya idhini, na jina la bima. Alipiga mbele yangu, akaweka simu mezani ili nisikie. Aliyepokea alisema atauliza mkubwa wake. Jioni nambari ile haikupatikana tena.

Kwa kawaida mshiriki halipii dawa inayojaribiwa. Yeye ndiye anayetoa mwili wake, muda wake na siku zake za kazi. Mtafiti ndiye mwenye deni. Anayekutoza pesa uwe wa kwanza kujaribiwa anauza kitu kingine. Vilevile mwogope anayekuahidi kupona. Kama angekuwa na hakika, asingehitaji kujaribu.

Mwalimu tulimpeleka kupimwa usikivu, jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuna aliyelifanya. Ilionekana sauti nyembamba zilikuwa zimempotea masikio yote mawili, na ndiyo maana alikuwa akiwalaumu wajukuu kwamba wanamung'unya maneno. Alipata vifaa vya kumsaidia kusikia. Ubongo ukipata sauti za nje za kushughulika nazo, mara nyingi hulegeza kamba. Anasema mchana husahau kabisa kama ana mvumo. Usiku anauacha mlio wa feni. Siwezi kuwaambia ni vifaa, ni feni, au ni kule kusikilizwa. Yeye ni mtu mmoja, na hakukuwa na kundi la pili.

Ukipata jaribio halali na ukaamua kuingia, beba siku ya kwanza orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na aspirini na mitishamba, na usiifiche hata ile ya mganga. Usianze tiba nyingine kimyakimya katikati ya jaribio. Ukipata nafuu haitajulikana imetoka wapi, na ukipata madhara daktari atakuwa anatibu gizani. Mweleze mwajiri wako tarehe za ziara mapema. Na kabla kalamu haijagusa karatasi, uliza jaribio likiisha utaruhusiwa kuendelea na dawa au kifaa kilichokufaa au kitarudishwa, na kama watakuandikia ulikuwa kundi gani na matokeo yalikuwa nini. Wakikubali, omba iandikwe kwenye fomu, kisha chukua nakala yako.